Nimeolewa tena, na kaburi la baba watoto liko palepale

Niseme mapema kabisa ili asiyependa aishie hapa: nimeolewa tena. Mie mama wa miaka arobaini na kitu, mjane, watoto wawili wakubwa, nimeolewa na mwanaume mwingine, kanisani, mchana kweupe, huku baba watoto amelala kihambani, yaani kwenye shamba letu la ukoo, Machame, katikati ya migomba, hatua chache tu kutoka dirisha la chumba tulicholala miaka yote ile. Wenzetu wa mikoa mingine hii habari huwa haiwaingii vizuri, wao wanazika makaburini, ukimkumbuka mtu wako unapanga siku unaenda unarudi. Sisi Wachaga tunazika nyumbani. Ukifungua mlango alfajiri kumwaga maji ya uso, yupo. Ukitoka kukata majani ya ng'ombe, yupo. Sasa hebu niambie, unaanzaje kumkaribisha mwanaume mwingine chai kwenye hiyo nyumba?

Ndo swali lililonisumbua kuliko yote. Sio upendo. Upendo ulikuja wenyewe bila hodi, kazi ilikuwa nimwelekeze akae wapi.

Baba watoto aliugua figo. Sitaandika mengi hapo maana waliouguza mgonjwa wa figo wanajua, mara tatu kwa wiki kwenye mashine ya kusafisha damu, nauli, vipimo, kiwanja kikauzwa, ng'ombe wakauzwa, michango ya kwenye magrupu ya wasap ikaja ikaisha. Alipofariki nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nililala msibani, yaani usingizi kabisa, watu wanaimba mapambio mie nimeegemea ukuta nakoroma. Kuna waliosema hana uchungu huyo. Sawa.

Baada ya kuzika, wanatoa turubai, wanahesabu viti vya kukodi, masufuria makubwa yanarudi kwa wenyewe, na mtu anakuja anakuuliza shemeji ile sahani yetu yenye maua ya bluu umeiona? Basi. Siku hiyo jioni ndo unajua uko peke yako. Watoto wakarudi shule, nikabaki na mama mkwe wangu nyumba ya pili, kila mmoja na moshi wake jikoni.

Kikao cha ukoo kikakaa, muhtasari ukaandikwa, cheti cha kifo tukafuatilia, tukaenda mahakama ya mwanzo nikateuliwa msimamizi wa mirathi. Hayo yalienda vizuri kuliko nilivyotegemea na nawashukuru wakwe zangu. Ila kwenye kile kikao kuna ndugu mmoja alisema, tena kwa upole kabisa, kwamba shemeji asiwe na wasiwasi, kaka zake marehemu wapo, "tutamwangalia". Mie nikashukuru. Mwanamama mmoja msaidizi wa kisheria wa kata yetu niliyekuja kuongea naye baadaye kuhusu mirathi, akacheka, akaniambia dada uliza vizuri unaangaliwaje. Akanifungulia Sheria ya Ndoa, ile ya mwaka 1971, kifungu cha 68, akanieleza taratibu: mjane yuko huru kuishi anakotaka, yuko huru kukaa bila mume, yuko huru kuolewa tena na mwanaume aliyemchagua mwenyewe, mila iseme isemavyo. Na ndugu wa marehemu hawezi kumchukua kuwa mke mpaka mwenyewe aridhie kwa hiari yake. Toka 1971! Mie hata kuzaliwa nilikuwa sijazaliwa, na nimekulia hapahapa Kilimanjaro nikiamini mjane ni mali ya kihamba kama ule mti wa mruka pale mpakani.

Sasa linganisha na mwanaume. Huyu niliyenaye leo alifiwa na mkewe miaka kadhaa kabla yangu, huko kwao Meru ya Arusha. Anasema hata tanga halijaondolewa shangazi yake kamvuta pembeni, baba usijali tutakutafutia, nyumba haikai bila mwanamke. Yeye analia anatafutiwa. Mie nalia naambiwa tulia ulee watoto wako, utapata thawabu. Na waliokuwa wananiambia hivyo wengi wao ni wanawake wenye waume zao ndani, hilo ndo huwa linanichoma.

Na sio kwamba wanaume hawakuja, walikuja. Mjane mwenye genge lake soko la Mbuyuni, Moshi, na kihamba hakosi wageni. Kuna mume wa mtu aliyekuwa ananunua nyanya fungu moja anakaa saa nzima. Kuna mmoja ameokoka, Biblia kwapani, wiki ya pili tu Bwana akamfunulia kwamba nimwongezee mtaji wa pikipiki. Nikamwambia Bwana akirudi amwambie na mie.

Huyu wa sasa nilikutana naye Tengeru, upande wa Arusha, gulioni. Mie Tengeru naenda siku za soko, Jumatano au Jumamosi, kufuata karoti, vitunguu, na hoho, nazipakia kwenye gari nashusha Moshi. Siku hiyo nilikuwa natafuta miche ya parachichi, maana kahawa ya marehemu ilishazeeka, na kila mtu alikuwa anaongelea Hass, Hass, ile aina ya parachichi. Nikamkuta kakaa kwenye kigoda pembeni ya barabara na miche yake kwenye viriba, kavaa koti la suti la zamani na ndala. Nikauliza bei, hakunitajia. Akaniuliza shamba liko wapi, nikasema Machame. Udongo je? Maji je? Umeshachimba mashimo? Nikamwambia mzee mie nataka miche sio interviu. Akasema basi sikuuzii, kachimbe mashimo kwanza futi mbili kwa futi mbili, changanya samadi na udongo wa juu, uache, ndo urudi.

Jamani. Hebu nitajie mfanyabiashara wa Tengeru anayekataa hela.

Nikarudi. Nilichimba kweli. Akanichagulia miche mmoja mmoja, akawa ananionyesha kwa kidole pale kwenye kovu, mahali palipobebeshwa, yaani miche miwili ilipounganishwa, akasema hapa pasifukiwe na udongo hata siku moja, pabaki juu, na kikichipua kitu chini ya hapa kikate, hicho sio mtoto wako. Ana vidole vikubwa vimepasuka, lakini alivyokuwa anaushika ule mche, nilijikuta naangalia mikono badala ya kusikiliza. Nikajishtukia. Toka baba watoto aanze kuumwa nilikuwa sijaangalia mikono ya mwanaume kwa namna ile.

Akaomba namba, eti ya kufuatilia maendeleo ya miche. Na kweli akawa anapiga kuuliza miche! Habari ya asubuhi mama, umemwagilia? Jua la huko vipi? Majani ya chini yana rangi gani? Mbuzi wa shemeji wakavunja uzio wakala baadhi, nikampigia huku nalia, mie niliyezika mume nimenyamaza nalia kwa ajili ya miche, na yeye akanyamaza tu upande wa pili akaniacha nilie mpaka nikamaliza, afu akasema nakuja Jumapili na mingine. Hakusema pole wala nyamaza wala yote mapenzi ya Mungu. Baadaye sana ndo akaniambia yeye alilia hivyohivyo kwa ajili ya redio. Redio ya mkewe iliharibika.

Tulikaa kwenye "umemwagilia" muda mrefu. Sijui hata ni lini maongezi yalihama kutoka kwenye miche. Nakumbuka tu usiku mmoja tunaongea nikacheka kwa sauti, kile kicheko cha tumbo, na hapohapo nikaziba mdomo nikaangalia dirishani. Maana kaburi liko pale. Nikakata simu. Siku mbili tatu sikupokea. Mie nilihisi kama nimefumaniwa.

Watu wananiuliza umemsahau mwenzio? Nimsahauje? Watoto wana sura yake, mmoja ana hasira zake kabisa. Kwenye simu yangu ya zamani kuna voisi zake za wasap, nyingi hazina maana yoyote, "mama njoo na dawa ya ng'ombe", "nimefika, fungua geti", na hizo voisi sizifuti. Nilimwambia huyu wa sasa kuhusu hizo voisi kabla hata hatujafika popote, akasema na yeye ana sanduku la khanga za mkewe, asingependa mtu azikate ziwe madekio. Nikasema sawa. Akasema sawa. Kwangu mie hapo ndo alinichumbia, ile ya kupiga goti na pete ilikuja baadaye na wala hakupiga goti, magoti yanamsumbua.

Watoto sasa. Binti hakuwa na neno, alisema mama we furahi tu, ila asiniite mwanangu, nikasema nitamfikishia. Wa kiume ndo aliniweza. Yuko chuo Dodoma. Nilisubiri mpaka Desemba, si unajua Desemba Wachaga wote wanapanda mlimani, nikamwambia tukiwa tunapaka chokaa kaburi kama tunavyofanya kila mwaka kabla ya Krismasi. Labda mahali pale hapakuwa pazuri, lakini sikutaka nimwambie pembeni kama vile baba yake anafichwa. Akaendelea kupaka. Akapaka kona ileile mara nyingi hadi ikawa nzito, afu akauliza bila kuniangalia: "Kwa hiyo baba atabaki peke yake huku?"

Sikuwa na jibu. Nilishajiandaa kwa maswali ya mali, ya watu watasemaje, ya huyo mtu ni nani. Hilo sikulitegemea. Nikamwambia bibi yupo, baba zako wadogo wapo, babu yake kazikwa pale, hakai peke yake. Akasema haya. Mwaka uliofuata alikuwa ananijibu meseji neno moja moja, "poa", "ndio", "imefika" nikituma hela.

Nikaenda kwa mama mkwe. Hapo nilishatafuta maneno wiki nzima maana huyu mama ndo alinipokea nikiwa binti, ndo alinikanda na kunipikia mtori nilipojifungua, na kuna ile inayosemwa kwamba mjane akiolewa aondoke na alivyovaa. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikapiga magoti nikasema mama nina jambo. Akasema ni yule Mmeru wa miche? Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe siku zote anamwona Jumapili akija kukagua miche, nyumba yake inatazama shamba! Akaendelea kumenya. Akasema, "Mwanangu ulimuuguza mpaka mwisho, ulimwogesha mwenyewe. Mimi sikudai kitu." Baada ya hapo akaniambia niongeze kuni.

Ila alikuwa na sharti, na mie naona lilikuwa sharti la haki: kihamba ni cha watoto wa mwanawe, mwanaume mwingine asilale kwenye ile nyumba. Nikamjibu hata mie nisingeweza. Ndo jibu la swali langu la kukaa wapi likapatikana hapo, jikoni, wala halikutoka kwa wazee wa ukoo.

Huyu bwana alipokuja rasmi na mshenga wake, mzee wa kanisa, blanketi la bibi na sukari mkononi, mama akamsalimia Kimachame makusudi kumpima. Akajibu Kimeru. Zile lugha zinakaribiana sana, ni kama ndugu wa tumbo moja waliogombana wakahama, wakaongea mwanzo mwisho mie natafsiri hewa. Alipoondoka mama akasema huyu ni mtu wetu, alipotea tu njia.

Kabla ya kanisa tulifanya mambo mawili ambayo nawashauri wajane na wagane wote msione aibu. Tulienda kupima afya, pamoja, siku moja, majibu tukasomewa wote tumekaa. Na tukaandikiana mali mbele ya wakili. Watu walisema hamuaminiani. Mie kwa Sheria hiyohiyo ya Ndoa mali niliyokuja nayo inabaki yangu na yake inabaki yake, ndoa haihamishi, lakini nimekaa mahakama ya mwanzo kusubiri mirathi yangu nikaona ndugu wanavyoshikana mashati kwa sababu ya kabati. Kwa hiyo kihamba kimeandikwa cha watoto wangu, nyumba yake na kitalu cha Tengeru cha watoto wake, na tutakachochuma pamoja tumekiandika peke yake. Shemeji aliyekuwa ananuna, siku alipoionyeshwa ile karatasi alinyoosha uso.

Mchungaji hakuwa na shida, alinifungulia Wakorintho wa kwanza sura ya 7, mwishoni pale, mume akifa mke yuko huru kuolewa na amtakaye, katika Bwana tu. Shida ilikuwa usharikani. Ndoa inatangazwa Jumapili tatu, si mnajua, na sheria ya serikali nayo inataka tangazo la siku zisizopungua 21, hivyo hakuna kujificha. Jumapili ya kwanza jina langu liliposomwa kuna shingo ziligeuka mpaka nikasikia mifupa. Wifi yangu mmoja alinifuata nje, pale wanaponadi ndizi na mayai ya sadaka, akaniuliza kwa sauti ya watu kusikia, "Kwani wifi ulikosa nini?" Nikamwambia nilikosa mtu wa kuniuliza nimekula nini. Akanunua mayai akaondoka.

Harusi ilikuwa ya asubuhi, haikuwa na kitchen party wala send-off wala kamati ya kukimbizana na watu kadi. Nilivaa gauni la kitenge. Shangazi yake mmoja alidai ndafu, lazima mbuzi mzima akae mezani mdomoni ana majani, hata kama bibi harusi ni bibi kweli, basi ndafu ikapatikana. Mwanangu alikuja. Alikaa viti vya nyuma, akala, akampa mkono huyu bwana akamwita "mzee", akawahi basi la Dodoma. Mpaka leo anamwita mzee na mie sijamlazimisha abadilishe.

Tunakaa Boma Ng'ombe, njiani kati ya Moshi na Arusha, tumepanga. Watu wanashangaa, mna nyumba mbili mnapanga Boma kwenye vumbi na upepo? Ndiyo, yeye anawahi Tengeru, mie nawahi Mbuyuni, na kwa mama mkwe Machame sio mbali, nampelekea mkaa na dawa zake za presha. Nyumba ni vyumba viwili na sebule. Sebuleni tumetundika picha mbili, ya baba watoto na ya marehemu mke wa huyu bwana, kwenye ukuta mmoja. Kuna mgeni aliwahi kuniambia hiyo ni kukaribisha mizimu. Wale wanaolazimishwa kuficha picha za wenza wao chini ya godoro ili mke mpya au mume mpya asikasirike, mie nawaonea huruma, unaishije na mtu anayemwonea wivu marehemu? Ila hatukai tunaangalia picha muda wote, mtusamehe. Tuna ugomvi wetu wa kawaida. Anakoroma. Anaacha viriba na udongo kwenye beseni ninalofulia. Mtori hataki, anasema ni chakula cha wazazi, anataka loshoro yake ya mahindi na maziwa mgando, nikamwonyesha jiko lilipo na sasa anaipika mwenyewe, tena nzuri. Kuna siku namwita kwa jina la yule, linatoka tu, haswa nikiwa na haraka. Anaitika. Na yeye ameshaniita la mkewe, mie siku hiyo niliitika huku nimenuna, sio kila siku mtu ana roho nzuri.

Desemba iliyopita tulipanda wote kupaka chokaa. Yeye alibaki kwenye parachichi, anakatia matawi, hakusogea pale mpaka mwanangu alipomwita mwenyewe, "mzee, hii brashi imekufa, una nyingine?" Akaleta. Wakaongea brashi na bei ya chokaa, hayo tu.

Parachichi zenyewe zimeanza kutoa. Na yule wifi wa mayai alipoona tumepakia kreti zetu za kwanza akaja kuomba miche ya shamba lake, kwa mkopo, tutakatana msimu ukifika. Mume wangu akamwambia kachimbe mashimo kwanza. Kachimba, kachukua miche, msimu umefika umepita, hela sijaiona, na simu yangu sasa hivi hapokei.